Ile raundi niliyoifuta kwenye CD ya mzee

Karibu wiki mbili mzee jirani yangu alikuwa ananiitikia salamu kwa kunguruma tu, na kosa lilikuwa langu kabisa, acha niwasimulie.

Naishi Fife, Scotland, sio mbali na Auchtermuchty, kale kamji kenye sanamu ya Jimmy Shand. Kwa msiomjua, Shand alizaliwa 1908, ujana wake aliuanzia kwenye mgodi wa makaa ya mawe, afu kodiani ikamtoa. Mwaka 1955 Bluebell Polka yake iliingia kwenye chati za Uingereza, na aliyesimamia kurekodi alikuwa George Martin, ndio huyohuyo aliyekuja kuwa produsa wa bendi ya Beatles. 1999 wakampa cheo cha Sir, mwaka uliofuata akafariki. Wazee wa huku wakimtaja utadhani wanamtaja baba yao mdogo.

Ila muziki wenyewe wa kodiani (wanaiita "boksi" tu, basi) hauishi kwenye chati. Unaishi kwenye kaseti na CD ambazo watu wanarekodi sebuleni kwao, kava limetolewa fotokopi, picha ya mpigaji kavaa kilti (ile sketi ya wanaume wa Scotland) na boksi mapajani, nyuma namba ya simu, na zinauzwa kwenye kameza kamoja mlangoni pale kwenye dansi. Na hii ya kujirekodi sio ya juzi, maana kule Hamilton mwanzoni mwa miaka ya 1900 kulikuwa na Peter Wyper, ana duka la muziki, anapiga melodioni yake (ndugu mdogo wa kodiani) mbele ya lile bomba kama tarumbeta, sauti inachorwa kwenye silinda ya nta, silinda anaiweka dukani anauza. Msanii yeye, studio yeye, muuzaji yeye.

Basi mzee wangu akataka kutoa albamu yake ya tatu na fundi mitambo akawa mimi, sifa yangu kubwa ni kwamba nina laptopu na maiki mbili. Nilidhani kurekodi kodiani ni kuweka maiki mbele na kubonyeza. Wapi! Hiki chombo kinatoa sauti pande mbili, kulia wimbo, kushoto besi, na upande wa kushoto hautulii, mvukuto ukifunguka unaondoka, ukifungwa unarudi, kwa hiyo ukiisogeza maiki karibu sana utasikia besi inakuja na kuondoka kama mtu anaimba huku anabembea. Nikairudisha nyuma kama hatua moja, ikakubali. Tukatundika blanketi zito nyuma yake kwa sababu ukuta ulikuwa unarudisha sauti kali, hasa ukizingatia boksi lake limetuniwa ile staili ya kizamani, noti moja inalia kwa ndimi tatu za chuma, mmoja sawasawa, mmoja umepanda kidogo, mmoja umeshuka kidogo, ndio maana inatetemeka vile. Mkewe alipigwa marufuku kugusa birika kuanzia saa nne mpaka saa saba. Alitutazama tu, mama wa watu.

Siku mbili tukamaliza. Nikaenda nyumbani kuediti, na hapo ndipo shetani akanipitia.

Kulikuwa na jigi moja (muziki wa dansi za asili za huku), inaanza vizuri, inabadilika wimbo wa pili, wa tatu, wa nne, halafu ghafla katikati ule wa kwanza unarudi. Nikasema mzee kachanganyikiwa huyu, umri. Nikaukata, nikaunganisha kiustadi kabisa hata mwenyewe nikajipongeza, nikatoa kopi 40, kava zilikuwa tayari, zimeandikwa "8x32 jig".

Yeye akapeleka moja kwenye darasa la dansi Jumatatu bila hata kuisikiliza. Kwa kuniamini.

Sasa ile 8x32 sio mapambo jamani, ni hesabu. Wimbo mmoja una baa 32 (vipande vidogo vya mapigo, sio zile za bia), na unapigwa raundi nane. Wachezaji wanajipanga jozi nne, mstari wa wanaume unatazamana na wa wanawake, na kila jozi inaongoza dansi mara mbili kabla ya kushuka mwisho wa mstari. Nne mara mbili, nane. Na kila dansi ina wimbo wake wenyewe, ambao bendi inaupiga mwanzo, inaurudisha raundi ya tano, na inafungia nao raundi ya nane, katikati zinachomekwa nyimbo nyingine ili watu wasichoke. Kwa hiyo mchezaji mzoefu akisikia ule wimbo umerudi anajua aah, nusu imepita. Mimi nimemfutia mtu alama ya njia na raundi nzima juu.

Naambiwa ilikuwa hivi: jozi ya nne, mume na mke wa makamo, wamesubiri zamu yao tangu mwanzo, wakacheza mara moja, wakajiweka sawa kwa mara ya pili, mikono wameshanyoosha, na muziki ukapiga ule mlio wa mwisho wa kuinamiana. Wenzao wote wanainama wanashukuriana. Wao wamesimama katikati mikono hewani. Ingetakiwa dakika nne na nusu hivi, ikaishia chini ya nne.

Nilipoenda kuomba radhi mzee aliniuliza swali moja tu, kama nikiwa nasikiliza muziki huwa nahesabu. Nikasema hapana. Akasema, "Inaonekana."

Faili la mwanzo nilikuwa nalo, nikairudisha raundi yangu ya tano, nikachoma kopi mpya. Zile 40 nikadhani zimeenda kwenye pipa. Juzi napita kwenye dansi ya kijijini, pale mezani mlangoni nazikuta zimepangwa, kwenye kila kava 8 imekatwa kwa kalamu nyekundu na kuandikwa 7, na watu wanazigombania kuliko zile nzima, wanacheka wananionyesha kidole.

Nikachukua moja. Mzee akanyoosha mkono: "Pauni kumi."