Samaki wanaoanikwa mlimani: safari yangu ya Chuncheon mpaka Sokcho

Hii ilikuwa mwisho wa Februari 2018, kipindi ambacho Korea nzima akili imehamia Pyeongchang kwenye Olimpiki ya majira ya baridi. Mimi nilikuwa nasoma Chuncheon, chuo kimefungwa, hosteli tumebaki wageni watupu tunakula ramyeon, zile tambi za haraka za Kikorea, asubuhi mpaka usiku. Leseni ya Kikorea nilishapata, nikasema bana nikodi gari nivuke milima mpaka Sokcho kwenye bahari ya mashariki. Washkaji nikawaambia, huyu ana tesisi, yule anasema baridi hii haiwezi. Nikaenda peke yangu.

Gari yenyewe Kia Morning nyeupe, ndogo tu. Kuendesha upande wa kulia unazoea haraka, kinachosumbua ni mikono, maana indiketa na waipa zimebadilishana upande na magari ya kwetu, basi kila nikitaka kukata kona waipa zinakwaruza kioo kikavu. Google Maps kule ilikuwa haikupi maelekezo ya kuendesha, watu wanatumia Naver au Kakao, na yule dada wa kwenye simu anaongea Kikorea bila kupumua, kamera mbele, punguza mwendo, kamera mbele tena.

Kuna barabara ya kulipia inayotoka Seoul mpaka Yangyang, ilikamilika katikati ya 2017, ina handaki la karibu kilomita 11 linalopita chini ya milima ya Inje, wameweka mpaka taa za rangi kwenye dari ili dereva asisinzie. Unazama huku unaibukia kule karibu na bahari, milima yenyewe hujaiona. Nikaachana nayo, nikashika namba 46 ya zamani.

Kwanza nikapitia bwawa la Soyang, lipo hapo hapo nje ya Chuncheon. Walilimaliza 1973, kimo chake mita 123, ni mlima wa mawe na udongo uliopangwa na binadamu, linatoa umeme na linazuia mafuriko yasishuke mpaka Seoul. Vijiji vilivyokuwa bondeni vikafunikwa na maji, watu wakahamishwa. Sisi tuliokulia Mwanza ukituambia ziwa tunategemea maji mpaka yakutane na mbingu, hili sasa limejikunja ndani ya mabonde, unaliona kushoto, linapotea, ukitoka kwenye handaki linakusubiri kulia. Ukifika juu upande wa Inje maji yalikuwa yameganda kabisa, na mzee mmoja amekaa katikati ya barafu kwenye kiti cha plastiki anavua kwenye tundu. Mimi nikapita taratibu nikiwa na wasiwasi kuliko yeye.

Baada ya Yanggu ni nchi ya wanajeshi, malori ya kijani, vijana wamebeba mabegi wanasubiri basi, na kando ya barabara kuna mabonge ya zege makubwa ambayo vita na Korea Kaskazini ikianza wanayalipua yaanguke yazibe njia, vifaru visipite. Watu wanapita chini yake wanaenda dukani kama kawaida.

Ila kilichonisimamisha ni Yongdae-ri. Hiki ni kijiji cha Inje chini ya milima ya Seorak, na nikakuta mabonde yamejaa vichanja vya magogo, ghorofa mbili mbili, na juu yake samaki. Maelfu ya samaki, wananing'inia wawili wawili vichwa juu, theluji imewakalia mgongoni. Nikapaki. Mama yangu anauza kayabo, samaki wa kukausha kwa chumvi, soko la Mwaloni Kirumba kule Mwanza toka sijazaliwa, samaki anayekauka siwezi kumpita hivi hivi.

Kumbe ndo wanavyotengeneza hwangtae. Samaki wa bahari baridi, zamani walivuliwa hapo hapo bahari ya mashariki lakini wameadimika, siku hizi wengi wanatoka Urusi. Wanapandishwa mlimani Desemba, usiku wanaganda jiwe, mchana jua linawalegeza, usiku wanaganda tena, hivyo hivyo mpaka masika yao yaanze. Nikamgusa mmoja mkiani, nje mkavu, ndani laini kama sponji, rangi ya njano iliyofifia. Harufu karibu hamna! Mtu wa Kirumba hawezi kuamini.

Nikaingia kamgahawa ka jirani, bibi mmoja anaangalia kelingi, ule mchezo wa kuteleza mawe kwenye barafu, kwenye TV, timu ya wasichana wa Korea, kapteni wao anapiga kelele "Yeong-mi!" kwa mwenzake na nchi nzima ilikuwa imeshaidaka hiyo kelele, bibi naye anaitikia kutoka jikoni. Akaniletea supu nyeupe kama maziwa, ina vipande vya huyo samaki, figili, tofu na yai. Won elfu 8. Baridi ikanitoka mpaka kwenye vidole vya miguu. Akaniuliza umri, nimeoa, natoka wapi, na je, nchi yetu ipo Olimpiki. Nikamwambia Tanzania haipo, ila majirani zetu Kenya wamemleta dada mmoja anayeteleza kwenye theluji. Akafurahi sana kama vile ni mjukuu wake. Kikorea changu cha kuungaunga kikafika hapo kikaisha, tukaendelea kuangalia TV.

Nikanunua fungu la samaki kumi, nikalitupia siti ya nyuma.

Barabara ya zamani ya kupanda mlima wa Misiryeong ilikuwa imefungwa kwa barafu nikapita handaki, na ukitoka tu upande wa pili, kulia kwako kuna Ulsanbawi, ukuta wa mawe matupu wenye vilele sita. Wakorea wanasimulia kwamba lilikuwa jiwe la Ulsan kule kusini, likasikia milima ya Geumgang inakusanya mawe mazuri, likafunga safari, likachelewa, nafasi zimejaa, likaona aibu kurudi likabaki hapo. Nililiangalia mpaka gari la nyuma likanipigia honi.

Sokcho nimefika saa kumi na mbili jioni, kwetu saa sita mchana, nikampigia mama kwa video yuko sokoni kelele tupu.

"Shikamoo mama, ona samaki wa huku wanavyokaushwa!"

"Marahaba. Chumvi wanatia kiasi gani?"

"Hawatii mama. Baridi tu na upepo."

Akamsogezea simu jirani yake wa meza ya pili, wakaangalia wote wawili, wakacheka.

"Bila chumvi? Wamekupiga mwanangu. Wale leo leo hao, wasilale."