Simu yangu ilipoanguka ngamani

Nauza kanga kwa mkopo. Kila baada ya wiki mbili hivi natia doti ishirini au thelathini kikapuni, nashuka bandarini Wete, hapa Pemba, na kupanda mashua ya kisiwa cha Fundo. Wanawake wa kule wananunua vizuri, ila hakuna anayetoa pesa zote kwa siku moja. Huyu kalipa elfu tano, yule kaahidi pweza wakipatikana, mwengine anamsubiri mume arudi dago, kambi ya wavuvi. Madeni yote hayo nilikuwa nayaandika kwenye simu. Mwanangu wa skuli ndiye aliyenifundisha, na mie nikaona raha, maana daftari hulowa na kalamu hupotea.

Siku hiyo narudi Wete, bahari imechafuka kidogo, simu nimeitia kibindoni. Nikasogea kumpisha mzee mmoja akae, kibindo kikalegea, nikasikia "chubwi". Lau ingeanguka baharini ningelia mara moja nikanyamaza. Iliangukia ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, kwenye yale maji meusi yenye chumvi, mafuta ya mashine na damu ya samaki. Kijana aliyekuwa akifua maji kwa kidumu kilichokatwa akaichota pamoja na maji, na kidogo airushe nje.

Ilikuwa bado inawaka. Chomboni watu wakafurahi. "Haijafa hiyo, mpigie mtu uone!" Mimi ndipo nilipoingiwa na hofu, kwa sababu simu niliyokuwa nayo kabla ya hii niliiua mwenyewe kwa namna hiyohiyo.

Ile ililowa Mkoani, siku ya kupokea mzigo melini, wimbi likaniruka. Nikaipangusa, nikapiga nayo simu mbili tatu kujionyesha kwamba nzima, kisha nyumbani nikaizika kwenye mchele siku tatu kama alivyoniambia khalati, ndugu wa mama. Siku ya nne ikawaka, nikatoa sadaka. Baada ya wiki moja ikazima moja kwa moja. Fundi alipoifungua, ndani kulikuwa na ukungu wa kijani, na kwenye tundu la chaji akatoa punje ya mchele kwa sindano. Akaniambia, "Mama, mchele unakula maji kidogo. Chumvi nani anaila?"

Neno hilo sikulisahau. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ya gramu 35 hivi. Maji yanakauka, chumvi inabaki pale pale ilipokaa, na hewa yetu ya pwani ikija na unyevu wake chumvi inalowa tena. Umeme wa betri ukipita hapo unaitafuna shaba ya ndani, na ule ukijani ndiyo kutu yake. Kwa hiyo simu iliyoingia bahari ikiendelea kuwaka, inajila yenyewe huku wewe unashukuru. Hata kampuni ya Apple mwaka 2024 iliwaambia wateja wake wasiweke simu zao kwenye mchele, kwamba vipande vidogo vya mchele vinaweza kuiharibu. Nilipompelekea khalati habari hiyo akasema Wamarekani hawaujui mchele.

Basi pale mashuani nilitaka kitu kimoja tu, izime. Kioo kilikuwa kimeshaanza kucheza, nikigusa huku kinafunguka kule. Nikashikilia kitufe cha kuwashia pamoja na cha sauti mpaka ikawa giza. Nikavua kava, nikachomoa laini na memori kadi kwa pini ya mtandio. Kisha nikachukua chupa yangu ya maji ya kunywa, ilikuwa imebaki zaidi ya nusu, nikaanza kuisuuza simu. Polepole, tundu la chaji, vitundu vya spika, pale panapokaa laini.

Mashua nzima ikanyamaza. Mzee niliyempisha akauliza, "Huyu kapatwa na nini?" Nahodha akajibu kwamba mama anaosha bilauri.

Nasema nilivyofanya mimi, simwamrishi mtu. Fundi mwengine atakwambia usiiongezee hata tone, uikimbize kwake ifunguliwe. Angekuwapo fundi mashuani ningempa. Lakini Wete ilikuwa bado mbali, jua kali, na najua chumvi ikishakaukia ndani haitoki tena kwa kupuliza. Maji matamu yanaiyeyusha na kuitoa. Simu yenyewe haikuwa ya zile zinazosifiwa kwamba haziingii maji, na hata hizo hupimwa kwa maji matamu, si kwa maji ya Bahari ya Hindi yaliyochanganyika na damu ya samaki. Kama simu yako ni ya betri ya kutoa, toa betri kwanza kabla ya lolote.

Nikaikausha kwa kanga mpya kutoka kikapuni. Doti ile ikaingia hasara pale pale, ina doa la mafuta mpaka leo na ndiyo navaa jikoni. Nikaishika simu wima, tundu la chaji chini, mpaka tukashuka. Kijana mmoja akashauri niianike juani, nikamwambia jua la saa nane linatosha kuivimbisha betri.

Fundi wangu Wete alikuwa anafunga, Magharibi inaingia. Nilipomwambia ngama, akarudi kukaa. Akapasha moto kingo za mfuniko wa nyuma, akapitisha kadi nyembamba ya plastiki kuzunguka, ukafunguka. Kitu cha kwanza akang'oa kiunganishi cha betri kwenye bodi. Kisha akanionyesha kikaratasi kilichogandishwa ndani, kidogo kama punje ya ufuta, chekundu. "Hiki kilitoka kiwandani cheupe. Kikiona maji kinakushtaki." Bodi akaisugua kwa mswaki laini na spiriti, na si ile ya duka la dawa ya kusafishia kidonda, maana ile ina maji ndani yake. Yake ni ya asilimia 99, inaruka yote haiachi kitu. Soketi ya chaji ilikuwa imeshaanza kuota weupe. Saa chache tu zile! Akasema bila ya kusuuza angekuta kijani.

Akaizuia mpaka kesho yake.

Usiku huo laini yangu niliitia kwenye kitochi cha marehemu mama, maana pesa zangu zote zinapita kwenye namba ile na wateja wa Fundo hulipa kwa simu. Laini za siku hizi ni ndogo, kitochi kinataka kubwa, fremu yake sina. Nikaikalisha katikati ya kitundu na kuibana kwa selotepu, jaribio la tano ikashika. Salio likaja, nikapumua. Lakini majina! Kwenye laini kulikuwa na watu kumi na wanane tu, wa tangu enzi hizo. Watatu wameshakufa. Mmoja ameandikwa "Mvua samaki 2" na sikumbuki wa kwanza alikuwa nani. Wateja wangu wote walikuwa wamehifadhiwa kwenye simu yenyewe, pamoja na madeni yao.

Nililala nikihesabu kichwani. Nilikumbuka madeni kumi na tisa. Najua yalizidi arubaini.

Kesho yake adhuhuri fundi akanipigia kwenye kitochi. Imewaka, ila haipokei chaji, kibodi kidogo cha chaji kimeliwa, kipya pamoja na kazi yake elfu ishirini na tano. Nikalipa. Aliponikabidhi akanishika mkono. "Usifurahi bado. Toa vitu vyako kwanza. Simu iliyokunywa bahari inaweza kukaa miaka miwili, inaweza kukaa siku mbili."

Nikakaa pale pale kwenye benchi lake. Picha, kumbe, zilikuwa zimekwenda zenyewe kwenye akaunti ya Google, wanatoa gigabaiti 15 bure, na mwanangu aliiwasha bila ya kuniambia. Madeni hayakwenda popote. Ile programu ya kuandikia ilikuwa inayaweka mle mle ndani ya simu, ikifa nayo yamekufa. Nikanunua daftari la kurasa mia duka la jirani, nikayanakili kwa mkono moja baada ya jingine, jina, doti, kilicholipwa, kilichobaki. Madeni arubaini na moja. Nilipomaliza nikazipiga picha kurasa zote, picha zikaenda huko zinakokwenda. Majina ya wateja nikayahamishia kwenye akaunti hiyohiyo.

Simu ndiyo hii ninayoandikia. Spika yake ina mafua, mtu akinipigia sauti inatoka puani. Siku hizi nikipanda chombo naitia kwenye mfuko wa nailoni, nafunga fundo, kisha ndiyo kibindoni.

Safari iliyofuata nilifika Fundo nikakuta habari imenitangulia. Mteja wangu mmoja, wa doti mbili tangu kabla ya Ramadhani, akanipokea ufukweni kwa huruma nyingi, akanichukulia na kikapu.

"Pole, dada. Tumesikia simu imekufa maji na hesabu zako zote."

"Ahsante, mdogo wangu," nikamwambia, nikafungua daftari. "Wewe uko ukurasa wa tatu. Elfu kumi na mbili."

Akakiweka kikapu chini.