Mwaka wa kutengenezwa, si mwaka wa namba

Mwezi Oktoba mwaka 2024, msimu wa korosho ukiwa ndio kwanza umeanza, mfanyabiashara mmoja wa ufuta kutoka Nachingwea alifika nyumbani kwangu Shangani, Mtwara, kuangalia pikapu niliyokuwa naiuza. Alilizunguka gari mara mbili, akainama kuangalia chini kama kuna kutu, akaomba niliwashe, akasikiliza injini kwa utulivu. Yote yalimridhisha. Kisha akaomba kadi ya gari, akaisoma mstari kwa mstari, kidole chake kikasimama kwenye mwaka wa kutengenezwa.

“Mzee, hili ni la 2020,” alisema.

Nilimweleza kwamba nililinunua jipya kabisa mwezi Februari mwaka 2022, kwamba halikuwa limewahi kumilikiwa na mtu, na kwamba risiti zote ninazo. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. “Risiti yako naikubali, mzee wangu, lakini siku nitakapoliuza mimi, mnunuzi hatauliza risiti yako. Atasoma kadi.” Akanieleza kwamba kulikuwa na jingine la aina hiyo hiyo Masasi, lililonunuliwa jipya karibu wakati mmoja na langu, ambalo kadi yake ilionyesha 2021. Mimi nilikuwa nataka milioni 72. Tulimalizana kwa milioni 65, na ninaamini hakunionea.

Nimeamua kuliandika jambo hili kwa kirefu kwa sababu watu wengi wa mikoa yetu ya Lindi na Mtwara hununua gari katika kipindi kifupi, fedha za korosho zinapoingia, na haraka hiyo huwafanya waangalie namba ya gari badala ya umri wake. Tumezoea kusema “hilo ni namba D” au “hilo ni namba E” kana kwamba herufi ile ni cheti cha kuzaliwa. Herufi ile inaeleza jambo moja tu, nalo ni wakati gari lilipoandikishwa hapa Tanzania. Gari lililotengenezwa mwaka 2009 likaingia nchini hivi karibuni litavaa namba E sawa na lililotoka kiwandani majuzi.

Gari lina tarehe tatu, na kila moja ina kazi yake. Ya kwanza ni ya kutoka kiwandani. Ya pili, kwa magari yaliyotumika nje, ni ya kuandikishwa kwa mara ya kwanza katika nchi lilikotumika. Ya tatu ni ya kuandikishwa hapa kwetu. Gari jipya la dukani lina ya kwanza na ya tatu tu, na ndiyo maana mnunuzi wake hudhani kwamba tarehe hizo mbili zinakaribiana. Mara nyingi zinakaribiana kweli. Hata hivyo, gari huweza kusubiri meli, likasafiri baharini kwa wiki kadhaa, likakaa bandarini, kisha likahamia yadi ya muuzaji kusubiri mteja. Soko likiwa gumu, kusubiri huko hupita mwaka mzima. Langu lilitengenezwa katikati ya mwaka 2020, wakati ambao biashara ilikuwa imesimama karibu dunia nzima, na likasubiri mpaka nilipolifuata mimi.

Ushahidi wa jambo hili nilikuwa nao chini ya macho yangu tangu siku ya kwanza, ila sikujua kuusoma. Baada ya yule mfanyabiashara kuondoka kwenda kutafuta fedha, nilichuchumaa kando ya tairi la akiba, ambalo halikuwa limewahi kugusa barabara. Ubavuni mwake, mwishoni mwa mfululizo wa herufi unaoanza na DOT, kulikuwa na tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: 2620. Mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo tairi lile lilitoka kiwandani wiki ya 26 ya mwaka 2020. Nikaenda kwenye mkanda wa usalama wa dereva, nikauvuta mpaka mwisho. Chini kabisa, karibu na unapofungwa, kuna kitambaa kidogo kilichoshonewa, nacho kilikuwa na tarehe ya mwaka huo huo. Mtu anayetaka kujua ukweli kuhusu gari lolote na aanzie hapo, maana tairi hubadilishwa, lakini ni wachache wanaobadilisha mikanda.

Wengine husema umri wa gari unasomeka kwenye herufi ya kumi ya ile namba ndefu ya chasisi yenye tarakimu na herufi 17. Hilo ni kweli kwa magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani, ambako herufi hiyo huonyesha mwaka wa modeli: L kwa 2020, M kwa 2021, N kwa 2022, na kuendelea. Hata hapo, mwaka wa modeli si mwaka wa kutengenezwa, kwa kuwa gari la modeli ya 2021 linaweza kuwa limeunganishwa miezi kadhaa kabla ya mwaka huo kuanza. Viwanda vinavyotengeneza kwa ajili ya masoko mengine havilazimiki kufuata utaratibu huo, na magari yaliyotengenezwa kwa matumizi ya ndani ya Japani yana namba fupi ya fremu ambayo haitaji mwaka kabisa. Kwa hiyo herufi ya kumi isichukuliwe kama neno la mwisho. Marekani huagiza pia kibati cha mlangoni kionyeshe mwezi na mwaka wa kutengenezwa, na Australia nayo hutofautisha waziwazi tarehe ya kiwandani na tarehe ya gari kuthibitishwa kwa ajili ya barabara za nchi hiyo. Kwetu, mnunuzi hana budi kuuliza.

Lazima niseme kwa haki kwamba gari lenyewe halikunisumbua. Dhamana ya kiwanda ilianza kuhesabiwa siku niliyokabidhiwa, si siku lilipounganishwa, kwa hiyo upande huo sikupoteza kitu. Betri ndiyo ilichoka mapema, na fundi alinishauri nibadilishe mafuta ya breki, kwa sababu mafuta hayo hunyonya unyevu hewani hata gari likiwa limesimama, na yadi iliyo karibu na bahari haina uhaba wa unyevu. Hayo ni madogo. Hasara kubwa ilikuwa ya hesabu.

Hesabu hiyo ni nzito zaidi gari linapokuwa changa. Katika miaka mitatu au minne ya mwanzo thamani hushuka kwa kasi, na tofauti ya mwaka mmoja kwenye kadi huonekana mara moja kwenye bei. Mtu anayenunua gari ili alitumie miaka kumi na mitano kati ya Mtwara, Newala na Tandahimba hana sababu kubwa ya kuhangaika, kwa kuwa siku ya kuliuza, hali ya gari itasema zaidi kuliko mwaka wake. Anayepanga kuliuza baada ya misimu mitatu ya korosho ndiye anayepaswa kuwa makini, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Sasa nije kwenye bima, ambako nilikosea mwenyewe. Nilipokata bima kubwa, ile inayofidia hata gari lako mwenyewe, kwa mara ya kwanza, fomu ya maombi iliuliza mwaka wa kutengenezwa, nami nikaandika 2022, nikiamini kwa moyo mweupe kwamba gari nililolinunua jipya mwaka 2022 ni la 2022. Thamani niliandika milioni 92, ambayo ndiyo bei niliyolipa. Kwa kiwango cha asilimia 3.5, ada ilikuwa shilingi 3,220,000, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 iliifikisha 3,799,600. Mwaka wa pili nilihuisha kwa thamani ile ile, kwa kuwa nilidhani kwamba nikilipia milioni 92, gari likiteketea nitalipwa milioni 92.

Mwaka wa tatu wakala alikuwa dada mwingine, mwenye tabia ya kusoma. Aliweka fomu ya zamani na nakala ya kadi pamoja mezani. “Baba, hapa umeandika 2022, kadi inasema 2020. Turekebishe leo, kabla hakijatokea kitu.” Akanieleza kwamba mkataba wa bima husimama juu ya ukweli wa maelezo ya mkata bima, na maelezo yasiyo sahihi, hata yakitokana na kutojua, huipa kampuni nafasi ya kubishana siku ya madai. Namba ya chasisi ipo, kadi ipo. Mkaguzi wa hasara hahitaji zaidi ya dakika tano kugundua.

Kisha akanifungua macho kuhusu thamani. Bima ya gari kwa kawaida hufidia hasara, haimtajirishi mtu. Gari likipotea kabisa, kinachoangaliwa ni bei yake sokoni siku ya ajali, na bei hiyo hutafutwa kwa kulinganisha na magari ya aina hiyo ya mwaka huo wa kutengenezwa. Kiasi nilichoandika ni ukomo wa malipo, si ahadi ya malipo. Gari langu katika mwaka wa pili lilikuwa na thamani isiyozidi milioni 75, kwa hiyo milioni 17 za juu nilizilipia ada ya 595,000, au 702,100 ukijumlisha kodi, bila kupata chochote. Fedha hiyo ingenunua matairi mawili mazuri.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi, na wapo wanaolifanya kwa makusudi ili ada ipungue. Gari lenye thamani ya milioni 80 likikatiwa bima ya milioni 60, mwenye gari huhesabiwa kuwa amejibebea mwenyewe robo ya hasara. Akigonga mti njiani Mingoyo na matengenezo yakafika milioni 8, kampuni inayotumia kanuni ya uwiano italipa milioni 6, tena kabla ya kutoa kile kiasi ambacho mkata bima hubeba kila anapodai. Ndiyo maana mwaka wa kutengenezwa unapaswa kuwa sahihi kabla thamani haijajadiliwa; ukiukosea mwaka, thamani nayo utaikosea.

Kampuni nyingi huweka pia ukomo wa umri wa gari linaloweza kupata bima kubwa, na umri huo huhesabiwa kutoka kiwandani. Muda ambao gari langu lilikaa yadini ulikuwa unakula miaka hiyo kabla sijaliona. Likivuka ukomo, hubaki bima ndogo, ambayo kwa gari binafsi ilikuwa 118,000 pamoja na kodi; hiyo humlipa mtu mwingine uliyemdhuru, gari lako mwenyewe hailigusi.

Kwa wanaoagiza magari yaliyotumika kutoka Japani, uzito wa mwaka wa kutengenezwa huanzia kwenye ushuru. Hati ya Japani hutaja mwezi gari lilipoandikishwa kwa mara ya kwanza, ilhali uchakavu huku hutazamwa kwa mwaka wa kutengenezwa: gari dogo la miaka minane hadi kumi huongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 15, na lililovuka miaka kumi asilimia 30. Gari lililounganishwa Novemba likaandikishwa Januari limekwisha kuzeeka mwaka mmoja kwa hesabu za forodha. Miezi miwili inaweza kukutoa kwenye ngazi moja ya ushuru kwenda nyingine, na kwa mtu aliyekopa ili aagize, tofauti hiyo huumiza.

Mdogo wangu alipokwenda Dar es Salaam mwaka huu kununua gari jipya la dukani, nilimwomba asilipe hata malipo ya awali kabla profoma, yaani hati ya bei ya muuzaji, haijaandikwa namba ya chasisi pamoja na mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Muuzaji alisitasita, akasema kwamba gari jipya ni jipya. Mdogo wangu hakubishana naye. Aliuvuta mkanda wa dereva, akapiga picha kile kitambaa, akanitumia. Lilikuwa limekaa miezi kumi na minne. Hakulikataa, maana lilikuwa zuri na rangi aliyoitaka, ila alidai lipunguzwe bei na liwekewe betri mpya, na baada ya mashauriano ya siku mbili alikubaliwa yote mawili.

Alipofika Mtwara alfajiri ya Jumamosi, akiwa amechoka kwa safari ya usiku, tulingoja ofisi zifunguliwe, tukaenda pamoja kwa yule dada wakala. Kwenye fomu aliandika mwaka uliokuwa kwenye kadi, na kwenye thamani akaandika kiasi alicholipa baada ya punguzo.