Kumbukumbu ya mradi: jalada la Krismasi za nyumba ya Dickens

Mradi umefika mahali pa kusimuliwa. Ninatengeneza jalada la Krismasi za familia ya Charles Dickens, mwandishi wa riwaya wa Uingereza. Kila mwaka una karatasi yake, na kinachoingia humo ni kile tu kilichoandikwa na aliyekuwa ndani ya nyumba, au na mgeni aliyewaona wakisherehekea. Hadithi zake za Krismasi nimeziacha nje kwa makusudi. Ile ya Desemba 1843, A Christmas Carol, iliyouza nakala 6,000 kabla ya sikukuu kuingia, imefunika mengine yote, na wasomaji wengi wanaijua Krismasi ya wahusika wake kuliko ya watoto wake.

Nimepanga kwa kufuata nyumba: Devonshire Terrace jijini London hadi 1851, kisha Tavistock House, na mwisho Gad's Hill huko Kent, alikofariki Juni 1870.

Fungu la kwanza ndilo nono. Nilipozitandaza karatasi zake, jambo moja lilijitokeza lenyewe: usiku mkubwa wa watoto hawa ulikuwa 6 Januari, Epifania, siku ambayo Waingereza wa zama zile waliagana na shamrashamra za Krismasi kwa keki maalumu. Charley, kifungua mimba, alizaliwa tarehe hiyohiyo mwaka 1837, kwa hiyo nyumbani kwao sherehe zilikuwa mbili kwa mpigo. Keki ya Charley ilitoka kwa Angela Burdett-Coutts, mrithi wa utajiri wa benki na rafiki wa baba yake.

Halafu kuna mazingaombwe. Dickens na rafiki yake John Forster walinunua vifaa vyote vya mwanamazingaombwe mmoja, na Dickens akajifua hadi akaiva. Jane Carlyle, mke wa mwandishi Thomas Carlyle, aliyekuwa mgeni kwenye sherehe ya watoto nyumbani kwa mwigizaji Macready mwaka huo wa 1843, alieleza katika barua jinsi Dickens alivyotia mayai mabichi na unga ndani ya kofia ya bwana mmoja, na mara ikatoka pudini iliyokwisha kuiva, ya moto. Barua hii naipenda kuliko zote nilizokusanya. Kitabu kilikuwa na wiki moja tu tangu kitoke, na mwandishi wake yuko ukumbini akitoka jasho kwa ajili ya watoto wa mwenzake.

Mamie, binti yake mkubwa, ametupa mengi zaidi. Anakumbuka baba akiwapeleka kwenye duka la vitu vya kuchezea huko Holborn mkesha wa Krismasi, akiwasubiri kwa subira wachague, hata walipobadili mawazo. Anakumbuka pia yeye na mdogo wake Katey wakimfundisha baba kucheza polka kwa ajili ya sherehe ya Charley. Usiku mmoja wa baridi Dickens alishtuka kwamba huenda hatua zimemtoka kichwani, akatoka kitandani akajifundisha upya kwa mwanga hafifu. Mtu huyu hakuwa na mchezo mdogo. Furaha ya wanawe aliifanyia kazi kama alivyozifanyia kazi kurasa zake.

Tavistock House nimeimaliza haraka: chumba cha masomo kikageuzwa ukumbi wa maigizo, na 6 Januari 1857 pakaonyeshwa mchezo wa mwandishi Wilkie Collins, Dickens mwenyewe akiwa jukwaani. Mwaka uliofuata alitengana na mkewe Catherine, na karatasi zinaanza kuwa nyembamba.

Katika fungu la Gad's Hill kuna mbio na michezo ya 26 Desemba 1866, alipowafungulia wanakijiji shamba lake wakaja kwa maelfu. Lakini karatasi iliyonishika ni ya 1869, Krismasi yake ya mwisho. Mwanawe Henry anasimulia kwamba walicheza mchezo wa kumbukumbu: mmoja anataja jambo, anayefuata analirudia na kuongeza lake, orodha inarefuka. Zamu ya baba ilipofika akaongeza jina la Warren, rangi ya viatu, nambari 30, Strand. Henry aliona macho yake yakimeta kwa namna ya pekee, akasikia sauti isiyo ya kawaida, ila hakuna mtoto aliyeelewa. Walikuja kujua baada ya kifo chake, Forster alipochapisha wasifu: mwaka 1824, baba yake Dickens akiwa gereza la wadaiwa la Marshalsea, Charles wa miaka 12 alikuwa akibandika lebo kwenye vichupa vya rangi ya viatu katika kiwanda cha Warren.

Mtu anaweza kusema jina lile lilimponyoka tu. Mimi siamini. Kanuni ya mchezo ilimlazimu kila mchezaji alirudie, na hivyo aibu aliyoificha kwa miaka zaidi ya arobaini ikatamkwa na wanawe wenyewe, mmoja baada ya mwingine, kati ya vicheko. Karatasi hii nimeamua itangulie jalada zima, ingawa inavunja mpangilio wa miaka.

Kazi inayofuata ni ya Catherine. Alizaa watoto kumi, na mwaka 1851 alitoa kitabu cha orodha za milo kwa jina la kubuni, lakini katika kumbukumbu za Mamie haonekani sana. Nitaanza na orodha zake za miezi ya baridi, nizilinganishe na meza ya Krismasi anayoieleza binti yake, na kila ninachokipata kitaingia kwenye karatasi yenye jina la mama.