Jua usoni, upepo mgongoni: chakula cha jioni juu ya maji ya Mtera

Shangazi alipostaafu uuguzi mwaka huu alitukatalia ukumbi. Alisema kumbi za Dodoma amekalia za kutosha, za harusi na za semina. Alichotaka ni kula chakula cha jioni juu ya maji, boti ikitembea, jua likizama. Huyu ni mama aliyezaliwa Mvumi, aliyekua akichimba mchanga wa korongo kwa mikono na kusubiri maji yajae kata moja, ndipo achimbe tena. Hakuna aliyethubutu kumbishia. Kikoba chetu kikanikabidhi mimi, katibu, kazi ya kutafuta maji yenyewe na njia ya kupita.

Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, lakini ukitaka kupanda boti ndipo unapojua umekaa wapi. Dar wana bahari, na treni ya umeme inatufikisha huko tangu 2024, ila nauli ya watu 14 kwenda na kurudi, ukijumlisha na vitanda vya usiku mmoja, ingemaliza mfuko. Singida wana ziwa mjini kabisa, na heroe wake wekundu ni wazuri mno, lakini ni kilomita 240 hivi, na mwenye sherehe ana magoti mabovu. Hombolo ni karibu, bwawa la tangu enzi za mkoloni, ila Shangazi alilikataa kwa neno moja: dogo. Nikabaki na bwawa la Mtera, mpakani kwetu na Iringa, pale mto Ruaha Mkuu ulipozuiwa na ukuta.

Kosta walituchaji shilingi 380,000 na mafuta juu yetu. Bei hiyo iliniuma na bado inaniuma. Barabarani hakuna la kusimulia: Mlowa Barabarani, Fufu, Chipogolo, mibuyu, mbuzi, jua la mwezi wa nane. Tulifika saa nane na nusu mchana.

Njia nilikuwa nimeshaichagua wiki mbili kabla, kwa simu. Mwenye boti alinitajia tatu. Ya kwanza ni kushika ufuko wa upande wetu wa Dodoma, kwenye visiki, yaani ile miti iliyokufa imesimama majini tangu bwawa lilipojaa miaka ya 1980. Ya pili ni kukata kwenda Migori, upande wa Iringa, na kurudi. Ya tatu ni kutoka karibu na ukuta na kunyoosha magharibi, katikati ya maji mapana, jua mbele yako mpaka lizame. Akanitumia picha ya hiyo ya tatu. Maji yamekuwa dhahabu tupu, kichwa cha boti cheusi, na mbele hakuna kitu kingine. Niliituma kwenye kundi letu na ndani ya dakika kumi kura zote zilikuwa hapo. Hata mimi sikuuliza swali la pili. Ningeuliza moja tu, tunarudije, haya mengine yasingetokea.

Boti ilikuwa ya mbao, pana, ina turubai juu na mabenchi pembeni. Tulikubaliana shilingi 250,000. Nikahesabu jaketi okozi, zikawa tisa. Sisi ni 14, na nahodha na msaidizi wake, 16. Nahodha akasema wengine wanajua kuogelea. Nani? Kikoba cha wanawake wa mitaa ya Kikuyu na Chang'ombe, Dodoma, tumejifunzia kuogelea kwenye ndoo? Nilisema hatupandi. Msaidizi akaenda kuazima saba kwa wavuvi, tukalipishwa 3,000 kila moja, na kurudi kwake kukachukua saa moja na nusu. Tukang'oa nanga saa kumi na moja jioni badala ya saa tisa na nusu. Sijutii zile jaketi hata kidogo, ila saa moja na nusu ile tulikuja kuilipa.

Kwenda ilikuwa raha ambayo sijui niieleze vipi. Maji hayakuwa na purukushani. Tai wa samaki alikaa juu ya kisiki kimoja cheupe, akatuangalia tukipita kama mzee wa mtaa. Tulifungua hotpoti: ugali, perege wa kukaanga tuliowanunua barabarani watatu kwa 10,000, kuku wa kienyeji, na mlenda ambao Shangazi aliupika mwenyewe alfajiri. Kulikuwa na zabibu za Dodoma kwenye beseni. Jua lilishuka mbele yetu, pana na jekundu, na njia yake juu ya maji ikaja moja kwa moja mpaka kwenye boti. Shangazi aliacha kula. Alikaa na tonge mkononi mpaka duara lote likazama, kisha akasema taratibu, "Basi, nimeona."

Saa kumi na mbili na nusu ikapita na nahodha akageuza. Hapo ndipo upepo ulipoanza, ndivyo tulivyodhani. Kumbe ulikuwepo muda wote. Mwezi wa nane kwetu upepo unatoka mashariki, kila mtu wa Dodoma anaujua kwa vumbi la machoni, na sisi tulikuwa tumekwenda nao mgongoni, kwa mwendo uleule wa boti, kwa hiyo hatukuusikia. Sasa tukaupokea usoni. Mawimbi madogo lakini mengi yalipiga kichwa cha boti na kutumwagia maji mapajani. Turubai lilipiga kelele kama mabati. Zabibu zilikwenda chini ya mabenchi na mlenda ukachanganyika na maji ya bwawa. Giza likaingia mara moja, kama linavyoingia huku. Mama mmoja akaanza kuimba pambio, wengine wakaitikia, lakini sauti zilikuwa nyembamba.

Nahodha aliona tunaloa, akakata kushoto kwenda ufukoni kutafuta kimya nyuma ya visiki. Ilikuwa nia njema. Lakini mwezi wa nane maji bado yako juu kiasi, na visiki vingi havionekani, vimejificha shibiri moja chini. Isitoshe, wavuvi hutega makila, yaani nyavu za kusimamisha majini, jioni na kutegua alfajiri, na kisiki ndicho nguzo yao ya kufungia. Tuliingia shambani kwa watu. Mashine ilikoroma, ikanguruma, ikazima. Nyavu zilikuwa zimejisokota kwenye propela.

Msaidizi alitoa kisu. Nahodha akasema tukate, ni kipande kidogo, mwenyewe hatajua ni nani.

"Hakikatwi kitu," Shangazi alisema. Hakupaza sauti. Ni sauti aliyokuwa akiitumia wodini. "Wavu ni shamba la mtu. Gari lako likikwama kwenye mahindi ya mwenzio, utayafyeka?"

"Mama, tutalala hapa."

"Basi tutalala."

Tukakaa gizani, boti ikigonga kisiki taratibu, tukamulika tochi za simu kuelekea ufukoni. Hapo ndipo mawazo yalipokwenda nyumbani. Dodoma tunakunywa maji ya visima vya Mzakwe, na mtaani kwetu bomba lina ratiba yake. Ukisikia linakohoa usiku wa manane unaamka na madumu. Na hapa nimekalia maji yasiyo na mwisho, nayaogopa. Maji haya ndiyo yanayosukuma mitambo ya megawati 80 hapa Mtera, kisha yanateremka kuzungusha mingine 204 kule Kidatu. Mwaka 2006, ukame ulipoyashusha, nchi nzima iliingia mgao mkali wa umeme, na mimi nilikuwa msichana wa shule nikisoma kwa kibatari, moshi puani. Redio ilitaja kina cha Mtera kama inavyotaja matokeo ya mpira. Mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, limejaa; 690, mitambo inazimwa. Nilizikariri namba hizo kabla sijawahi kuliona bwawa.

Baada ya kama nusu saa likaja jicho la taa, likipanda na kushuka. Mtumbwi, mwanaume wa makamo mwenye tochi kichwani, na kijana wa miaka kumi na miwili hivi akipiga kasia.

"Mbukwenyi," akatusalimia.

Shangazi akamwitikia kwa Kigogo. Kusikia sauti ya mtu mzima, yule baba akabadilisha: "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tumekuharibia."

"Hamjaharibu bado. Msiwashe mashine tu, wala msivute."

Alishika ukingo wa boti yetu kwa mkono mmoja, akaingiza mwingine majini mpaka begani. Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, uso wake uko karibu kama wa kinyozi. Alikuwa amefumba macho. Vidole vilikuwa vikisoma. Aligeuza propela nyuma robo mzunguko, akatoa mkunjo mmoja, akautandaza juu ya goti, akarudi tena majini. Nyuzi zilikuwa nyembamba kiasi kwamba kwenye mwanga wa tochi niliona matone yaliyoning'inia, uzi wenyewe sikuuona. Ndani ya mkunjo wa tatu alikuwemo perege, bado anapigapiga. Kijana alimnasua kwa kidole gumba na kumtupa ndani ya mtumbwi bila kuangalia.

"Ukikata jicho moja," yule baba alisema, kama anamwambia mtoto, "samaki washapata mlango."

Ilimchukua karibu saa nzima. Tuliwapa ugali uliobaki na kuku. Kijana alikula kwa haraka, baba alisema atakula akimaliza, na akala akimaliza. Nikamuuliza njia tuliyopita ina kasoro gani, maana kwenye picha ilikuwa nzuri kuliko zote. Alinijibu kwa heshima, bila kunicheka.

"Dada, nyie mmeanzia ukutani, mmekwenda na upepo, mmerudi nao usoni usiku. Sisi hatufanyi hivyo. Pandieni huku juu, magharibi, kwenye mwalo wetu, tunapoegesha mitumbwi. Mchana mnakwenda kuelekea ukuta, upepo unawapiga lakini kuna mwanga na mna nguvu. Jua likikaribia kuzama mnageuza. Hapo ndipo mle. Jua linakuwa mbele yenu hivyohivyo, na upepo unawarudisha wenyewe."

Nilinyamaza. Ilikuwa jua lilelile, maji yaleyale, dhahabu ileile ya kwenye picha. Tofauti ni mwanzo tu.

Alitutangulia na mtumbwi wake mpaka tukatoka kwenye visiki, akitaja kila kimoja: huyu mgunga, huyu amelala, piteni kulia. Miti aliyoitaja imekufa kabla hata kijana wake hajazaliwa. Tulipoagana aliomba 15,000 ya uzi kwa sehemu iliyotatuka. Shangazi akampa 40,000 kutoka kwenye mkoba wake mwenyewe, akagoma tusichange.

Nchi kavu tuliikanyaga saa nne kasoro usiku. Mwenye boti alikuwa anatusubiri na hesabu mpya: 60,000 za mafuta ya ziada na 50,000 za kuchelewesha chombo. Kuchelewesha! Sisi tuliosubiri jaketi zake! Tulibishana mpaka dereva wa Kosta akapiga honi, nikatoa 60,000 na kuondoka, na mpaka leo nikiikumbuka pesa ile napata joto. Gesti tuliyolala ilikuwa na kitanda kimoja kwa watu wawili na chandarua chenye matundu. Nililala nikifikiria yule baba angekizibaje.

Safari ya kurudi sina kumbukumbu nayo. Tulifika Kikuyu saa tano asubuhi, bomba lilikuwa linatoka, kila mtu akakimbilia madumu yake. Shangazi aliteremka polepole, magoti yake, akanishika mkono mlangoni.

"Mwakani," alisema, "tunaanzia kwa yule baba. Na mlenda nitaufunga kwenye chupa ya chai."

Nyuma ya daftari la kikoba nimeshachora. Kuna mshale wa upepo, kuna jua, kuna ukuta ambao hatuusogelei, na kuna alama ndogo ya mwalo upande wa magharibi, pembeni nimeandika: kuondoka saa tisa kamili, jaketi 16, zihesabiwe kabla ya kulipa.