Mshumaa wa nta ya nyuki kwenye glasi: mwali hauzami tena

Hatimaye! Glasi ya kipenyo cha sentimita 6, nta ya nyuki ya Arua, Uganda, utambi wa pamba iliyosukwa: umewaka kwa muda wa saa mbili na nusu, nta ikayeyuka hadi ukingoni, masizi hakuna.

Kabla ya hapo ilikuwa kero tupu. Mwali unachimba shimo katikati, kisha unazama humo humo. Kila fundi anashauri utambi mnene, na kweli nta ya nyuki huuhitaji kuliko parafini, maana huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 za Selsiasi. Ila utambi mnene ulileta masizi na glasi isiyoshikika kwa moto, na mwali ukazidi kufifia. Kumbe tatizo ni uchafu. Nta ya warina asali huja na mabaki ya asali, chavua na gundi ya nyuki, na hivyo ndivyo vinavyoziba nyuzi za utambi.

Basi nta inayeyushwa pamoja na maji, sufuria ndani ya sufuria, kwani moto wa sigiri haupunguziki kirahisi. Ichujwe kwa fulana kuukuu. Chujio la chai hupitisha chavua, halafu halisafishiki tena. Funika kwa blanketi ipoe usiku kucha: asali hubaki majini, taka huganda chini ya bonge. Kwangua, rudia mpaka chini pawe safi. Mwisho yeyusha bila maji hadi viputo viishe, la sivyo mwali utatatarika. Mkebe wenye kutu hutia nta rangi ya kahawia. Nta ikishika moto, funika na uzime jiko. Maji huirusha ikiwaka.

Utambi ukatwe ubaki milimita 6 kila kabla ya kuwasha. Zima nta ikibaki sentimita 1, kwa sababu chini ya hapo kitako cha glasi hupasuka. Pazia liwe mbali, walau sentimita 30, na ndani ya chandarua usiwashe kabisa.

Mpango wa kutia majani makavu ya mchaichai nimeuacha: yakielea karibu na mwali yanageuka utambi wa pili. Sasa nahangaikia kifuniko cha bati cha kuzimia, maana kupuliza hurusha nta na kujaza chumba moshi. Mafundi wa Katwe, Kampala, wanaweza kukikata: kipenyo sentimita 7, ukingo umekunjwa, mshikio wa mbao juu, kikae kilegevu kisinate nta ikiganda.