Mmea usiolalamika

Jumamosi, usiku

Kuna mmea unaojua kudeka. Ule wa majani mapana na ua jeupe lililojikunja kama upawa: ukichelewa kidogo kuumwagilia, majani yote yanalala ukingoni mwa chungu kama nguo mbichi kwenye kamba. Nyumba nzima inashtuka. Mmoja anakimbilia kopo, mwingine anauliza zamu ilikuwa ya nani. Ukipewa maji asubuhi, jioni umesimama wima kama haukuwa na neno.

Kona ya pili, kati ya kabati la televisheni na pazia, kuna huu mwingine. Majani mazito yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Jina lake la kitaalamu ni Zamioculcas zamiifolia, na wengi wamelifupisha kuwa herufi mbili tu, ZZ. Huu hausemi. Mwezi unapita, wa pili unaingia, nao uko vilevile. Mgeni akiusifia, wenyeji ndio wanakumbuka kwamba upo.

Kila ukoo una mtu wa namna hii. Mara nyingi ni kifungua mimba. Au ni yule aliyebaki karibu na wazazi, anayejua dawa ya presha ya mama inaisha lini; au yule wa ughaibuni ambaye simu yake huita zaidi ada za shule zinapokaribia. Hachukiwi. Akiulizwa "Mzima?" anajibu "Mzima," na habari imekwisha. Sidhani kama ni roho mbaya ya watu wake. Anayelia huhudumiwa kwanza, na foleni ya wanaolia haiishi.

Siri ya ukimya wa ZZ iko chini ya udongo. Pale kuna matunguu ya mviringo, magumu, ya rangi ya kahawia hafifu, na aliyewahi kumenya magimbi atahisi anayafahamu. Hakosei, ni ukoo mmoja, na utomvu wake huwasha vilevile. Usiuache karibu na mtoto anayetambaa, na nawa mikono ukishaukata. Kile kinachoonekana kama shina si shina. Ni kikonyo cha jani moja, na jani lenyewe ni huo utagaa wote, wenye jozi sita hadi nane za vijani. Zaidi ya tisa ya kumi ya uzito wa kikonyo na vijani vyake ni maji. Kwao ni kuanzia Kenya kushuka Tanzania, Malawi, Msumbiji na Zimbabwe hadi Afrika Kusini, kwenye vivuli na ardhi ya mawe, mahali ambapo mvua ikikata imekata. Kiangazi kikizidi hupukutisha vijani na kubaki na vikonyo na tunguu, ukisubiri. Ukimya wake ni wa mtu anayekula akiba.

(Ulaya uliingizwa vitabuni mwaka 1829, halafu ukakaa kwenye bustani za wataalamu hadi miaka ya tisini, wakulima wa maua wa Uholanzi walipoanza kuuzalisha kwa biashara. Leo mtu wa Dar anatoa noti nzima kununua mmea ambao ndugu zake wanaota bure vichakani Zanzibar.)

Dalili za akiba kwisha zipo, ila zinataka mtu achuchumae. Shika kikonyo karibu na udongo. Kilichoshiba ni kigumu, na ngozi yake haina mkunjo, kama ya kidole cha mtoto. Kilichoishiwa kina mikunjo ya urefu, kama kidole kilichokaa sana kwenye maji ya kufulia. Vijani hujikunja kwa ndani. Mmea wote huegemea upande wa dirisha. Na kubwa kuliko zote: msimu mzima wa mvua umepita bila chipukizi jipya hata moja. Jani la manjano likidondoka, hiyo ni barua iliyochelewa kufika.

Jumapili, asubuhi

Hatari kubwa huja siku wanapoukumbuka.

Anayekumbuka huja na hatia, na hatia hubeba jagi la lita mbili. Linamwagwa lote kwa mkupuo. Ikiwa udongo ulikauka sana, hasa ule mweusi mwepesi wa vitaluni, ulishasinyaa na kuachana na ukuta wa chungu, na umeanza kukataa maji. Yanateremka pembeni kwenye ule ufa na kutokea tunduni baada ya sekunde chache. Sahani imejaa, mtu anaridhika. Chomeka kidole sentimita mbili tu: vumbi. Ndiyo zile simu za "Hamjambo? Watoto? Haya, wasalimie," zilizopita pembeni zikatokea chini.

Ikiwa chungu hakina tundu, mambo ni mabaya zaidi. Maji yanatuama chini, hewa inatoka kwenye udongo, mizizi inakosa pumzi na kuoza. Mzizi uliooza haunywi. Kwa hiyo mmea unanyauka kwa kiu ukiwa katikati ya maji, na anayeuona umenyauka anaongeza maji. Naamini ZZ nyingi zimekufa hivi kuliko zilizokufa kwa kusahauliwa.

Basi kabla ya kumwagilia, chunguza. Chukua njiti ya mshikaki, ichomeke hadi chini, iache dakika tano, ichomoe. Ikitoka kavu na safi, ni kiu. Ikitoka na udongo uliogandamana, usimwage hata tone. Nusa, na bonyeza vikonyo chini kabisa. Vikiwa teketeke na kuna harufu ya mtaro, ni uozo, na dawa yake iko chini zaidi kwenye ukurasa huu.

Kwa kiu, tumia beseni. Weka maji ya kina cha sentimita tano, simamisha chungu ndani, kiache kinywe kwa tundu. Udongo uliokasirika hunywa polepole: nusu saa, wakati mwingine dakika arobaini na tano. Viputo vikikoma na ukigusa juu ukakuta unyevunyevu, kitoe. Kiache kichuruzike saa nzima kabla ya kukirudisha kwenye sahani, na sahani iwe kavu. Kinyanyue kabla na baada. Mkono utajifunza uzito wa chungu kilichoshiba kuliko ratiba yoyote ya ukutani. Kisha usiguse maji mpaka njiti itoke kavu tena. Kwenye joto la pwani ni kama wiki mbili au tatu, na miezi ya baridi huenda mwezi na zaidi.

Kisima cha maji ya chumvi ni habari nyingine. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, kwangua sentimita moja ya juu uitupe, halafu pitisha maji ya mvua kwa wingi hadi yachuruzike yote.

Futa majani. Weka kiganja chini ya jani, futa juu kwa kitambaa chenye unyevu, kisha chini. Vumbi la miezi huziba mwanga, na jani lenye vumbi linaona njaa hata dirishani. Usipake mafuta ya kupikia ili ling'ae. Yanashika vumbi maradufu. Kuna jambo kuhusu kufuta jani moja baada ya jingine, dakika ishirini bila simu mkononi, ambalo jagi la lita mbili haliwezi.

Yaliyokuwa ya manjano hayarudi kijani. Kata karibu na udongo kwa kisu kilichofutwa spiriti, usibaki unayatazama.

Wala usiharakishe mbolea. Mbolea ni chumvi, na mizizi iliyodhoofika huungua. Ni sawa na mtu ambaye hajaulizwa hali kwa mwaka, halafu anafanyiwa sherehe ya kushtukizwa yenye keki na mpiga picha. Subiri chipukizi. Likitoka, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mara moja kwa miezi miwili, inatosha.

Mwanga nao ni kwa hatua. Uliozoea kona ukiutoa barazani saa sita mchana utababuka, mabaka meupe kisha ya kahawia, nayo hayafutiki. Usogeze kama mita moja kwa wiki kuelekea dirishani, ukome kabla ya jua kali kuufikia.

Jumapili, mchana

Chungu cha plastiki kimevimba ubavuni. Ukipitisha kidole unahisi donge kama goti.

Hayo ni matunguu. Miaka yote ambayo juu hakukuwa na la kusimulia, chini yalikuwa yanajibana, yanazunguka ukuta, yanasukuma. ZZ inaweza kupasua chungu cha plastiki kabisa, na watu huwa wanashangaa: mbona ulikuwa umetulia? Wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu, ila nadhani tunaikumbuka methali hiyo baada ya mshindo tu. Yule wa ukoo naye siku moja anaacha kupokea simu, au anasema neno moja mezani sikukuu ya Idi, na wote wanatazamana.

Usivute vikonyo kwa nguvu, vitakatika. Pasua plastiki kwa kisu kutoka juu hadi chini. Tunguu zima ni gumu kama kiazi kibichi. Lililooza linabonyea na linanuka. Kata yote yaliyooza hadi ufike kwenye nyama safi, kisha acha matunguu kivulini siku moja au mbili vidonda vikauke. Kurudisha kidonda kibichi kwenye udongo wenye unyevu ni kuukaribisha uozo upya.

Udongo: makopo mawili ya udongo wa bustani uliochanganywa na mboji, kopo moja la mchanga mkubwa wa mtoni, kopo moja la makumbi ya nazi yaliyosagwa. Si mchanga wa ufukweni. Na makumbi yaliyofukiwa pwani kwa kazi ya usumba yamelewa chumvi, hivyo loweka na kumwaga mara tatu. Chungu kipya kizidi cha zamani kwa sentimita tatu hadi tano tu. Kikiwa kikubwa mno udongo usio na mizizi unakaa na maji kwa wiki, na tunarudi kulekule. Panda kwa kina kilekile cha mwanzo, na kama ulikata uozo, maji yasubiri wiki moja.

Wiki ya saba

Hakuna kitu juu. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, au wanarudi na jagi. ZZ hujenga mizizi kwanza, halafu tunguu, halafu jani. Kinachoonekana ni cha mwisho. Miezi miwili bila habari ni kawaida, hata mitatu.

Wiki ya kumi

Pembeni ya kikonyo cha zamani udongo umenyanyuka, na kumetokea ncha ya kijani kibichi, imefungwa kama mkuki, kimo cha ukucha. Usiishike, inavunjika upesi.

Njiti imetoka na udongo. Kwa hiyo leo hakuna maji. Chungu kigeuzwe robo ili upande wa ukutani nao uone dirisha, vijani viwili vitatu vifutwe, basi. Wiki ijayo njiti tena.